HOMA YA MASHINE: KOMPYUTA YA TAWI LETU ILIVYOUGUA KWA JOTO



Safari hii hatutaandika juu ya mishahara wala likizo. Tutaandika juu ya kompyuta ya tawi letu hapa Bujumbura, ambayo mwezi wa Septemba 2024 nusura itutie aibu mbele ya mwajiri. Hatuandiki ili tujisifu. Tulikosea mara mbili kabla ya kupatia, na tulikuwa karibu kutoa fedha za michango yenu kununua vitu ambavyo hatukuvihitaji. Matawi mengi sasa yana mashine za namna hii, na wenzetu wa mashamba ya chai na ya miwa wametuuliza maswali yale yale. Basi tuliyojifunza tunayaweka hapa, ili mwenzetu mwingine asiyanunue tena kwa bei kubwa.

Mashine ya kuungaunga

Kompyuta yetu haikutoka dukani ikiwa kamili ndani ya katoni. Tuliiunga wenyewe. Sanduku la chuma tulipewa na mwanachama mmoja aliyekuwa akihama. Ubao mkubwa, ule ambao vitu vyote huchomekwa juu yake, ulitoka katika mashine iliyotupwa na ofisi fulani. Prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, tuliinunua mtumba. Ni Core i5-2400 ya kampuni ya Intel, aina iliyotoka mwaka 2011. Diski, kumbukumbu na kisanduku cha umeme tulivipata kimoja kimoja, kila mwezi na chake, kwa akiba ndogo ya tawi. Kijana mmoja wa Buyenzi akatuunganishia vyote kwa siku moja, na malipo yake yalikuwa chakula cha mchana na faranga kidogo.

Wapo wanaoicheka mashine kama hiyo. Sisi hatuicheki. Buyenzi ni kartiye ya mafundi. Yako magari yanayotembea mjini leo ambayo injini yake imetoka gari moja, giaboksi imetoka gari la pili, na milango imetoka gari la tatu, nayo yanapanda milima hadi Gitega na kurudi. Kuwa na mashine ya kuungaunga si aibu. Aibu ni kuwa nayo bila kuijua.

Ndani ya kompyuta hiyo tuliweka daftari la wanachama, michango ya kila mwezi, na orodha ya saa za ziada ambazo wenzetu wa zamu ya usiku walidai kuwa hawakulipwa. Kila mfanyakazi alileta karatasi yake. Nyingine zilikuwa zimekunjwa mfukoni hadi maandishi yamefifia, na karani wetu akaziandika zote, jina kwa jina, usiku kwa usiku. Majina yalipita mia mbili. Siku ya kuonana na mwajiri ilikuwa imekwisha pangwa. Bila orodha ile tungeingia katika mkutano mikono mitupu.

Ilivyoanza kuzima

Ikawa hivi. Asubuhi mashine inawaka vizuri. Ikifika saa nne, jua limepanda na bati la ofisi limeanza kulia, feni inapiga kelele kama pikipiki inayopanda mlima. Kazi inakuwa nzito, herufi zinachelewa kutokea, halafu ghafla kioo kinakuwa cheusi. Ukiiwasha papo hapo inakaa dakika tatu na kuzima tena. Ukiiacha nusu saa inakaa dakika kumi. Karani wetu, dada mwenye subira kubwa, alipoteza kazi ya asubuhi nzima mara mbili katika juma moja.

Kwanza tuliulaumu umeme. Mtu wa Bujumbura akiona kitu kimezimika huulaumu umeme, na mara nyingi huwa amepatia. Lakini taa ya ofisi ilikuwa inaendelea kuwaka wakati kompyuta inazima. Halafu tukasema ni virusi. Mwishowe tukaipeleka kwa muuzaji mmoja mjini. Aliifungua, akaitazama bila kupima kitu chochote, akasema ubao umekufa na prosesa imekufa, tununue vyote viwili. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na michango ya tawi ya miezi mingi.

Tulikuwa karibu kukubali. Aliyetuzuia ni mzee mmoja, fundi wa mitambo aliyestaafu katika kiwanda cha nguo, ambaye hajawahi kuandika barua kwa kompyuta maishani mwake. Aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Inazima ikiwa baridi au ikiwa moto?"

Tukamjibu, "Ikiwa moto, mzee."

Akasema, "Basi haijafa. Kitu kilichokufa hakichagui saa ya kufa. Hii ina homa. Pimeni homa kwanza, ndipo mwende kununua."

Tuliona haya kidogo. Sisi tunaosema kila siku kwamba mfanyakazi asihukumiwe bila ushahidi, tulikuwa tumeihukumu mashine kwa neno la mtu mmoja mwenye kitu cha kuuza.

Kupima homa

Kompyuta ina kipimajoto chake ndani. Ukiiwasha, kabla haijaanza kazi, bonyeza kitufe cha Delete au F2, kwa kadiri ya ubao ulivyo. Utafunguka ukurasa wa mipango ya ndani ambao mafundi huuita biosi. Humo tafuta mahali palipoandikwa joto la CPU, ndiyo prosesa. Ziko pia programu za bure zinazoonyesha joto hilo wakati kazi inaendelea.

Tulipotazama, baada ya dakika tano tu, kioo kilionyesha digrii 86, na hapo mashine ilikuwa haijafanya kazi yoyote. Yule kijana wa Buyenzi alishika kichwa. Akatueleza kwamba mashine iliyotulia katika chumba cha hapa kwetu haifai kupita digrii 50 hivi. Inapofanya kazi ngumu inaweza kufika 70 au 80 bila madhara. Ikikaribia 100, prosesa nyingi za Intel hujipunguza mwendo zenyewe ili zipoe, na joto likizidi kupanda hujizima. Ndiyo maana herufi zilikuwa zikichelewa kabla ya kioo kuwa cheusi. Mashine ilikuwa inajitetea.

Kujitetea huko ni neema ya siku hizi. Miaka ya kuamkia 2000 ziko prosesa ambazo, radieta yake ikichomoka wakati zinafanya kazi, ziliungua kwa sekunde chache na kutoa moshi. Yetu ilikuwa inatuomba msaada kwa lugha yake, na sisi hatukuisikia.

Joto linatoka wapi?

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, kitu kidogo hivyo kinapataje moto wa namna hiyo? Prosesa yetu ni kipande cha silikoni chenye ukubwa wa sentimita za mraba mbili na kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mna swichi ndogo sana zipatazo bilioni moja, zinazofunguka na kufunga mara mabilioni kwa sekunde. Umeme wote unaoingia humo hugeuka kuwa joto. Ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia hadi wati 95.

Mtu atasema wati 95 ni kidogo, maana pasi ya nguo hutumia wati 1000. Ni kweli, lakini tazama eneo. Uso wa pasi una sentimita za mraba 200 hivi. Kila sentimita inapata wati 5. Prosesa yetu, ukigawa wati 95 kwa sentimita zake mbili na kidogo, kila sentimita inapata wati zaidi ya 40. Kwa hiyo kile kipande kidogo kinazalisha joto mara nane kupita pasi, ukipima eneo kwa eneo. Na pasi yenyewe mnajua inavyochoma.

Joto hilo lazima litolewe. Juu ya prosesa pana kifuniko cha chuma. Juu ya kifuniko panakaa radieta, yaani bonge la alumini lenye mapezi mengi membamba, na juu ya radieta inazunguka feni. Joto linatoka katika silikoni kwenda kifuniko, kutoka kifuniko kwenda radieta, na kutoka radieta kwenda hewani. Ni kama sisi tunapopakia kahawa kwenye lori kwa kupokezana magunia mkono kwa mkono. Mtu mmoja akisinzia katika mstari, magunia yanarundikana kwa yule aliye nyuma yake, hata kama wengine wote ni hodari.

Katika mashine yetu aliyesinzia alikuwa katikati ya kifuniko na radieta.

Kazi ya ile dawa

Kifuniko cha prosesa na sehemu ya chini ya radieta huonekana laini kama kioo. Lakini kwa darubini vina mabonde na vilima kama milima ya Muramvya ikitazamwa kutoka angani. Vikikutana, vilima hugusana na vilima, na mabondeni hubaki hewa. Hewa ni mbaya sana kwa kupitisha joto. Shaba hupitisha joto mara 15,000 hivi kuliko hewa iliyotulia. Hewa ndiyo inayofanya blanketi liwe na joto, na sisi tulikuwa tumeivika prosesa blanketi.

Basi mabonde hayo hujazwa kwa dawa maalumu ya kupitisha joto. Ni kitu kizito kama krimu, cheupe au cha kijivu, mara nyingi ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini wa madini kama oksidi ya zinki au ya alumini. Huuzwa katika bomba dogo kama la sindano. Mafundi wa redio wanaijua siku nyingi, maana huipaka chini ya transista kubwa za vikuza sauti.

Tulipoing'oa radieta yetu tulielewa kila kitu. Dawa ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bonde la Ruzizi wakati wa kiangazi. Nusu yake ilibaki juu, nusu ikabaki chini, na katikati hapakuwa na kitu. Juu ya hayo, vumbi lilikuwa limejaa kati ya mapezi hadi likawa kama godoro. Ofisi yetu iko kando ya barabara ya udongo, na tangu Juni hadi Septemba mvua haikuwa imenyesha. Hakuna aliyewahi kuifungua mashine hiyo tangu siku ilipounganishwa.

Kosa la kwanza: dawa ya meno

Sasa tukubali makosa yetu. Kijana alituambia tutafute dawa hiyo ya kupitisha joto. Petroli ilikuwa haipatikani mjini siku zile, mabasi machache, foleni ndefu, na mkutano unakaribia. Mwanachama mmoja akasema amesikia kwamba dawa ya meno hufanya kazi hiyo hiyo. Tukapaka dawa ya meno.

Ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Joto lilishuka hadi digrii 50 na kitu, nasi tukapongezana. Siku ya nne likaanza kupanda. Siku ya sita mashine ikazima kama zamani. Tulipofungua tukakuta unga mkavu mweupe.

Sababu ni rahisi. Dawa ya meno ina maji mengi, na maji ndiyo yaliyokuwa yakipitisha joto. Juu ya kitu chenye digrii 60 maji hukauka, na ukisha kukauka unabaki unga uliojaa hewa. Basi msidanganywe na kitu kinachofaa siku ya kwanza. Vilevile msipake grisi ya beringi kutoka kiwandani. Grisi ile imetengenezwa ili vyuma viteleze, haikutengenezwa kwa kupitisha joto, na ikipata moto huweza kuyeyuka na kutiririka juu ya ubao.

Kosa la pili: kupaka kama siagi

Tulimtuma mwenzetu kwa miguu hadi mjini kati, kwenye maduka yaliyo jirani na palipokuwa soko kuu, lile lililoungua Januari 2013. Akarudi na bomba dogo la gramu chache tu. Sisi kwa furaha tukapaka nyingi, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Tukabana radieta, tukawasha. Joto likawa digrii 68 katika biosi. Lilikuwa nafuu, lakini bado lilikuwa juu.

Kwa nini? Kwa sababu dawa hupita hewa mara nyingi, lakini bado iko chini sana ya chuma. Kazi yake ni kujaza mabonde tu. Ikiwa nene inakuwa ukuta. Kijana alitufanyia hesabu kwenye ubao wa matangazo: dawa ya kawaida ikiwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, prosesa ya wati 95 inapanda digrii mbili tu kwa sababu yake. Ikiwa na unene wa milimita nzima, inapanda digrii ishirini.

Tukafungua tena. Hapo tukaona jambo jingine. Alama ya dawa kwenye radieta ilikuwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Radieta yetu hushikwa kwa miguu minne ya plastiki inayobonyezwa hadi ilie. Mguu mmoja haukuwa umeingia, hivyo radieta ilikaa upande.

Mzee wetu wa kiwanda cha nguo alicheka. "Ninyi mnafunga kichwa cha injini kwa kukaza bolti zote za upande mmoja kwanza?" Kila fundi wa Buyenzi anajua kwamba hufungwi hivyo. Unakaza huku, kisha pembe ya kinyume, kisha huku, kisha kinyume chake, kidogo kidogo. Sheria hiyo hiyo ya injini ya lori ndiyo ya radieta ndogo ya kompyuta. Elimu tulikuwa nayo mikononi siku zote. Hatukuwa tumeitumia mahali papya.

Namna ya kufanya kazi hii

Haya ndiyo tunayowashauri wenzetu, kwa utaratibu wake.

Kwanza, nakili kazi yako yote kwenye diski ya mkononi. Iwashe mashine dakika tano ili dawa ya zamani ilainike, kisha izime, chomoa waya ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa ubao, kwa maana umeme mdogo wa mwilini unaweza kuharibu vifaa.

Pili, toa waya wa feni, fungua radieta, uizungushe kidogo kushoto na kulia ndipo uiinue. Usiivute kwa nguvu. Prosesa za aina fulani hung'oka pamoja nayo, na miguu yake midogo hupinda.

Tatu, ondoa vumbi nje ya nyumba kwa brashi laini. Shika feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

Nne, futa dawa ya zamani juu ya prosesa na chini ya radieta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, pamoja na alkoholi ya duka la dawa. Usitumie maji wala petroli. Subiri pakauke. Ukisha safisha, usiguse tena kwa kidole, kwa kuwa mafuta ya kidole hubaki.

Tano, weka dawa mpya katikati ya kifuniko, kiasi cha njegere ndogo. Ndugu, hicho ndicho kiasi. Usiongeze. Uzito wa radieta na kubana kwake ndivyo vitakavyoisambaza.

Sita, ishushe radieta wima, mara moja tu. Ukiinua tena, hewa imeingia. Futa yote uanze upya. Bana miguu au skrubu kwa pembe za kinyume, kisha tikisa kidogo uone kama imekaa.

Saba, rudisha waya wa feni. Wengi husahau hapa. Washa, ingia katika biosi, utazame joto dakika kumi kabla ya kufunga sanduku.

Kazi yote haipiti nusu saa. Mara ya tatu sisi tulipofuata utaratibu huu, joto katika biosi lilisimama digrii 47, wakati chumbani mlikuwa na digrii 33. Tukaifanyisha kazi ngumu saa nzima, likafika 72 na halikupanda tena. Feni ikanyamaza. Prosesa iliyosemwa kuwa imekufa ndiyo hiyo hiyo iliyoandika makala haya.

Chumba nacho ni sehemu ya mashine

Jambo moja wenzetu wengi hawalifikirii. Radieta haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Mashine inayopanda digrii 40 juu ya hewa iliyoizunguka, katika chumba cha Ulaya chenye digrii 20 itakuwa na 60. Mashine hiyo hiyo chini ya bati hapa Bujumbura, saa nane mchana, chumba kikiwa na 34, itakuwa na 74. Kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi msivifuate kwa macho yaliyofumba. Wenzetu wa Teza na Rwegura, kwenye chai, milimani kwenye ubaridi, wana bahati katika hili kuliko sisi wa kando ya ziwa.

Iondoeni mashine dirishani jua linapopiga. Iwekeni juu ya meza au kibao, isikae sakafuni penye vumbi, na nyuma yake paachwe nafasi ya mkono mmoja. Msiifunike kitambaa wakati inafanya kazi, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Vumbi litolewe mara mbili kwa mwaka, mara moja katikati ya kiangazi. Dawa itazamwe kila baada ya miaka michache, au mara joto linapoanza kupanda. Na kila mwezi karani aandike joto la mashine katika daftari, kama nesi aandikavyo joto la mgonjwa. Daftari hilo ndilo litakalowaambia mapema.

La mwisho katika hili: daftari la karatasi lisitupwe. Mashine inaweza kupona na umeme ukakatika. Haki ya mfanyakazi isikae mahali pamoja tu.

Mashine ina mlinzi. Na mtu je?

Siku tuliyomaliza kazi ile, karani wetu alisema neno ambalo hatukulisahau. Alisema, "Mashine ikipata joto inapunguza mwendo, na hakuna anayeikata mshahara."

Tukafikiri. Watengenezaji wa prosesa waliweka kipimajoto ndani yake, wakaandika kikomo, na kikifika kikomo kazi hupungua bila kuuliza ruhusa ya mtu. Binadamu naye ana kikomo. Mwili hukaa kwenye digrii 37, na ukifika 40 mtu yumo hatarini kufa. Lakini mwenzetu anayelisha kuni tanuri la kiwanda cha chai, au anayekata miwa kule Moso saa saba mchana, nani anampima?

Shirika la Kazi la Kimataifa lilieleza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 duniani hupatwa na joto la kupita kiasi kazini, yaani watu saba katika kila kumi. Mwaka 2019 shirika hilo lilikadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapoteza saa za kazi zinazolingana na ajira kamili milioni 80 kwa sababu ya joto. Na mwezi wa Juni 2022 mkutano wake mkuu uliiweka salama na afya kazini kuwa moja ya haki za msingi za mfanyakazi. Katika nchi ya Qatar, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta kazi, sheria ya mwaka 2021 inakataza kazi za juani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Basi jambo hili linaweza kuandikwa katika sheria na katika mikataba ya kazi. Si ndoto.

Tunayoyadai si makubwa. Maji safi ya kunywa karibu na mtu anapofanya kazi. Kivuli na mapumziko mafupi saa za jua kali. Matundu ya hewa yasizibwe. Mgeni katika kazi ya moto apewe siku za kuzoea kabla ya kupewa kazi nzima. Mwajiri anayenunua feni kwa ajili ya kompyuta ya mhasibu wake hawezi kusema kwamba hajui feni ni kitu gani.

Mwisho wa habari

Mtapenda kujua mkutano ulikwendaje. Tuliingia na orodha iliyochapwa, kurasa kumi na moja, kila jina na usiku wake. Mwajiri alitaka kuipinga kwa ujumla. Tukamwomba aipinge jina kwa jina. Ilichukua siku mbili. Sehemu ya fedha imekwisha lipwa, na sehemu iliyobaki bado tunaigombea. Fedha ambazo tungempa yule muuzaji zimebaki katika mfuko wa tawi, na kidogo chake tumenunulia mabomba mengine mawili ya dawa ya kupitisha joto.

Mabomba hayo yako ofisini kwetu, pamoja na brashi na chupa ya alkoholi. Tawi lolote ambalo mashine yake inazima ovyo na litulete habari kabla ya kununua kitu. Mje na joto lililoandikwa kwenye karatasi: la asubuhi, la mchana, na la chumba. Mzee wetu atakuwapo. Swali lake la kwanza mmeshalijua.